Dawa ya Mdeni

Alirudi kutoka mfereji wa juu amerarukwa bega,
harufu ikitangulia kidonda.
Nikafungua droo ya marehemu:
vidonge sita, nusu vyekundu nusu njano,
vya kifua chake, alivyoviacha siku ya tatu
akisema, "Nimepona, Aikande, niletee jembe."

Daktari wa mifugo pale Kiboriloni, binti wa juzi tu,
akavisukuma kando kwa kalamu.
"Hivi vya mtu, mama, na muda wake umepita.
Mbwa wako ana kilo ngapi?"

Nani hupima mbwa?
Tulimtia guniani, mimi na Ndelilio,
tukamtundika kwenye mizani ya kahawa ya ushirika,
kichwa nje, masikio chini, kama mtu aliyeitwa barazani.
Karani, kwa mazoea, akaandika: daraja la pili.
Kilo kumi na tisa. Toa gunia.

Mdeni ni jina alilompa Eliafye.
Alimchukua kwa mkopo, elfu kumi na tano,
na mpaka leo mwenye mbwa hunisalimia kwa jicho moja.

Vidonge kumi na vinne. Asubuhi, jioni, juu ya chakula.
"Akitapika, au uso ukivimba, usimpe kingine. Nipigie."

Cha kwanza nilikificha ndani ya kiburu.
Alikula kiburu, nusura ale na mwiko,
kidonge akakiacha sakafuni, kimelambwa, kinang'aa.
Ini, basi. Kipande kama kidole gumba.
Mimi nilikula mchicha.

Siku ya nne kidonda kilifumba mdomo.
Akamkimbiza jogoo wa Mama Kirumbuyo hadi migombani,
na Mama Kirumbuyo mwenyewe akaja, shavu limemjaa:
"Si amepona huyu? Nigawie vilivyobaki, jino linaniua."

Vilivyobaki.
Neno hilo nimeishi nalo nyumba moja.
Kifua cha Eliafye kilirudi na nduguze,
na droo ikabaki na vidonge.

Nikamwambia, jirani, kesho nitakusindikiza kwa wa meno.
Dawa ya deni, kulipa.
Dawa ya Mdeni, kumaliza.

Cha mwisho kilishuka Jumamosi jioni, mvua ikipiga bati.
Jumapili, saa kumi na mbili,
nikamkuta amekwisha kuketi, mkia unafagia kizingiti.
Nikamwonyesha viganja: sina.
Akavinusa kimoja kimoja, kama karani.

Nikashika kisu, nikakata.
Leo ni ini tu.