Zamu ya Jumwa

Jumapili Mikindani
hufunza wana benchini
kumcha Mungu moyoni,
nami hujiona mbuji.

Somo langu lilisema:
mpe mwenzako heshima,
nawe usubiri nyuma,
ndipo umsifu Mpaji.

Jumatatu bomba laja,
siku tisa twalingoja;
Jumwa, na ndoo ni moja,
katumwa kuteka maji.

Gizani alishatoka,
zamu yake ikafika.
Bi Mwanaidi kachoka
nyuma, naye ahitaji.

"Tangulia we, nyanyangu,"
kasogeza ndoo yangu.
Mitungi mitatu, Mungu!
Kakauka mfereji.

Akarudi ndoo tupu.
Sare chafu kwenye kapu.
Kinywa changu ni upupu:
"Leo wapikaje uji?

Kuitoa yako zamu!
Nani kakupa elimu
ya kulewa ukarimu
kwenye ukame wa jiji?"

Akanitazama. "Wewe."
Neno moja kama jiwe.
Mwalimu, kumbe ni mwewe,
wa vifaranga mlaji.

Usiku sikutamka;
"samahani" nilitaka,
kooni ikanishika
kama tonge bila maji.

Asubuhi, sare chafu,
kaivaa bila hofu,
akenda zake nadhifu
kunipita miye mbuji.

Jumapili nimekuja,
Jumwa mbele aningoja.
Neno langu lile moja
sasa lavuja, ni maji.