Sukuni

Hospitali ya watoto, Sheffield, Jumanne
ya mvua isiyoamua kama ni mvua.
Kompyuta imegoma, kwa hiyo Daktari Wragg
anachora mistari miwili nyuma ya bahasha.
"Huu wa mama. Huu wa baba.
Kromosomu ya kumi na tano, kila mtu anazo mbili."
Kisha anaupitishia kidole mstari wa mama,
wino mbichi unageuka ukungu.
"Hapa pamekatika. Si kosa la mtu.
Hukatika tu, kama uzi."
Zulekha hatazami bahasha,
anatazama kile kidole cheusi.

"Na wangu?"
"Wako upo. Mzima, herufi kwa herufi.
Ila ubongoni umenyamazishwa.
Ndivyo ilivyo kwa akina baba wote:
mahali hapo husomwa nakala ya mama,
ya baba hukaa kimya.
Kwa watoto wengine haidhuru."

Nikajikuta Ujiji, chuoni, miaka saba,
goti kwenye mkeka, kijiti mkononi:
ba juu ba, ba chini bi, ba mbele bu.
Herufi ile ile, alama ndiyo huifumbua kinywa.
Na kile kiduara kitupu kama tundu la sindano,
sukuni: hapo usitie sauti, pita.
Nilikipenda. Nilidhani ni huruma,
ulimi umepewa pa kupumzikia.
Sikujua kuwa huandikwa pia mwilini.
Huenda mama yangu alinipa neno lile likiwa wazi,
na mimi, nilipolipitisha mbele,
bila kujua, bila kuulizwa,
nikaliwekea duara.

Kwenye tramu, kutoka Chuo Kikuu hadi Arbourthorne:
"Wewe angalau umempa," anasema Zulekha.
"Nimempa kisichosema."
"Mimi sikumpa."
Basi. Kilima kizima hatukuongeza neno,
na Hidaya katikati yetu, miaka mitano,
akiicheka kengele kila mlango ukifungwa,
mikono ikipepea mpaka bibi wa kiti cha mbele
akageuka, akacheka naye, akashuka.

Shangazi anapiga simu: "Msomeeni mtoto."
Tumemsomea, shangazi.
Na wenyewe wamemsoma,
herufi zote, kwa mashine, wiki kumi na moja.
Shida haiko kwenye herufi.
Shida ni irabu.
"Irabu?" Laini ikakatika, au aliikata.

Wapo, daktari alisema, wanaojaribu kuiamsha,
kukikwangua kile kiduara taratibu.
Panya wamewahi kuamka. Watu, bado tunangoja.
Alisema hivyo akikunja bahasha,
kama mtu anayerudisha chenji
na kujua haitoshi.
Nimeibandika kwenye friji, chini ya ratiba ya mapipa.

Kazi yangu ni kuosha tramu usiku.
Narudi saa kumi alfajiri, Hidaya yu macho;
usingizi kwake ni mgeni asiyevua viatu.
Naye maji ndiyo ayapendayo kuliko uji,
basi najaza beseni la kuogea vidole vinne,
tunamwacha mama yake alale.
Mimi si msemaji. Mke wangu husema
maneno yangu hutolewa kwa koleo.
Lakini usiku ule, sijui kwa nini,
nikaanza kumtajia vituo:
Gleadless. Hollinsend. Manor Top.
Akanyamaza. Akaweka kiganja kibichi
hapa, kwenye koo,
pale sauti inapopita kabla haijawa neno.

Sijui anasikia nini.
Sitasema anaelewa, wala sitasema haelewi.
Najua nikikoma
ananigonga shingoni mara mbili,
polepole, kama mtu
aliyefika mlangoni na kuona taa inawaka ndani,
hodi, hodi,
nami naanza tena kutoka juu ya kilima:
Manor Top. Hollinsend. Gleadless.
Maji yamepoa. Anacheka.