Mtaro Unapopinda

Ukitoka Kondele kuelekea Kibos,
ukishawapita wauza mbao na washona makochi,
tazama kushoto: mtaro wa saruji, ulionyooka kama rula,
unapinda ghafla, hatua sita, kisha unanyooka tena.
Madereva hawauoni. Maji ya mvua huuona.
Yakifika pale hupunguza mwendo, hujizungusha kidogo,
kama mgeni apitaye mbele ya mwenye nyumba.

Mimi ndimi niliyeshika utepe.

Kabla ya lami, kabla hata ya changarawe,
hii ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda mtoni,
udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaokuvua viatu.
Akaja mtu na vigingi, akavipiga kati ya mtama.
Asubuhi wanawake waking'oa kuni,
jioni yeye akapiga vingine.

Babu Ong'injo alihesabiwa na chifu.
Asiye na kodi ya kichwa na aje na mikono.
Alivunja mawe kwa nyundo ya mpini mfupi
mpaka kiganja kikawa kigumu,
ungeweza kuwashia kiberiti juu yake.
Malipo yake: risiti.
Nimeiona. Bibi aliihifadhi kwenye kopo la kahawa
pamoja na meno yetu ya utotoni.

Trekta za miwa zilipoanza, barabara ikawa tamu.
Tulining'inia nyuma, tukachomoa miwa,
na Masinde dereva akajifanya kiziwi mpaka kona ya gereza.
Pale kwenye kona palikuwa na duka la Bachan.
Alipohama aliacha jina lake ukutani.
Wamelipaka rangi juu: sabuni, kisha simu,
kisha nabii fulani na tarehe za mkesha,
lakini jua la saa kumi likilipiga kwa ubavu
herufi zake hutokeza
kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Lami ya kwanza ilikuwa nyembamba, chapati ya maskini.
Ya pili ilikuja na wino na mihuri, na ilitaka nafasi.
Mita thelathini toka katikati, kila upande.
Injinia Wafubwa alitaja namba, mimi nikavuta utepe,
kijana wa nyuma yetu akapiga X:
kwa kinyozi, kwenye kinu cha Wilkista,
kwenye mlango wa choo cha kanisa,
X kubwa, nyekundu,
kama za mwalimu ambaye hakuisoma insha.

Utepe ukaingia ua wa minyaa.
Nilijua kabla ya kufika.
Ulipita juu ya kaburi la Babu, sawasawa kwenye magoti.
Kichwa na kifua, vyetu. Miguu, ya serikali.
Wafubwa akakohoa.

Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji
akichambua mnavu.
"Miguu yake ilikuwa ya serikali siku zote," alisema.
"Andika tu."
Hakuinuka, lakini.
Siku tatu alichambua mboga palepale,
jani moja, jani moja,
na mimi, mwanawe, nikasimama na utepe mkononi
nisijue niukunje au niufunue.

Siku ya nne Wafubwa alikuja peke yake, na penseli.
Alitandaza ramani juu ya boneti,
akafuta mstari, akachora mwingine,
kijipindo cha upana wa ukucha.
Pembeni akaandika: *mwamba mgumu*.

Hakuna mwamba pale. Chimba ukitaka.
Ila katika faili la wizara, kabati la chuma, droo ya chini,
Ong'injo aliyevunja mawe bila mshahara
ni jiwe lililoshinda nyundo.

Kinu cha Wilkista kilibomolewa Jumanne.
Yeye hakuandikiwa mwamba.
Siku hizi anauza omena ng'ambo ya pili,
chini ya mwavuli wa kampuni ya soda,
na nikipita hunisalimia
kwa majina yangu yote matatu,
kama karani anayesoma orodha.