Akiba ya Kitambaa

Mara ya kwanza nilifumua mshono wa nyuma,
nikatoa sentimita nne.
Ya pili nikapachika kipande cha pembe tatu;
rangi ilikaribia, haikufanana.
Ya tatu suruali haikuwa na cha kutoa,
nawe, Kornel, ukasimama na soksi juu ya magazeti
ukitazama tramu za Łódź zikipasua theluji,
ukasema: fundi, nitajie bei ya hema.

Nikacheka. Sikupaswa kucheka.

Kidonge chenyewe ni kidogo kuliko kifungo cha shati.
Kimoja kila usiku, na glasi ya maji,
na baada ya nusu saa inakuja njaa,
si ya tumbo, ulinieleza,
ni kama mtu anayegonga mlango akijua umo ndani.
Nilikukuta umesimama gizani,
taa ya friji usoni,
unakula sukari kwa kijiko.

Shangazi Teodozja alipokuja Krismasi
alikufinya shavu: "Huyu sasa amenawiri!"
Yeye alizaliwa mwaka wa njaa;
kwake mtu mnene ni mtu aliyepona.
Jirani wa ghorofa ya pili akaniuliza kwenye ngazi,
kwa mnong'ono unaofika hadi dari,
kama kaka yangu ameacha kujipenda.
Na daktari hakuinua macho kwenye faili:
kilo ishirini na sita, alisema, tembeatembea,
punguza viazi.
Mgonjwa haulizwi uji,
wala haulizwi uji umemkaa wapi.

Theluji ilipoyeyuka suruali zikaanza kukulegea.
Nikazirudisha nilikozitoa, sentimita kwa sentimita;
mkanda ukapata tundu jipya kila wiki.
Ikaja harusi ya Ludmila.
Ukumbini walikuzunguka:
Umepungua! Umependeza! Tupe siri!
Ukawapa tabasamu, lakini macho yako
yalikuwa yanasikiliza kitu nyuma ya muziki.
Siri hiyo nilikuwa nimeikuta asubuhi
katika mfuko wa koti nililotaka kulipiga pasi:
vidonge arobaini na kimoja, vimefungwa kwenye leso.
Sikusema. Ilikuwa siku ya watu.
Na, acha nikiri, ulikuwa umependeza.

Siku tisa baadaye walikuleta kutoka relini, Koluszki,
bila viatu, ukibishana na kokoto.

Wodini nilifika na hesabu yangu tayari:
heri nguo kubwa kuliko nguo isiyo na mtu.
Nilidhani ni neno la upendo.
Ulininyamazia hadi chai ikapoa, kisha:
"Heri yako, Jagna. Unanitaka hai, sikulaumu.
Lakini hupandi ngazi na mwili huu.
Hujavuliwa shati mbele ya wanafunzi wa udaktari.
Nyote mnanipima: shangazi kwa vidole,
yule kwa mizani, wewe kwa utepe.
Hata furaha yako ina sentimita."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Daktari mpya alikuuliza unataka nini,
akasubiri ulipokwama, akabadilisha kidonge,
akasema huenda kikasaidia, huenda kisisaidie.
Hiyo "huenda" uliibeba nyumbani kama yai.

Jana umeingia chumba cha cherehani.
Nilikuwa nimeshika suruali ileile,
yenye mistari mitatu iliyopauka,
kila mstari ukikumbuka kiuno kilichopita.
Ukainyakua mikononi mwangu, ukaikunja vizuri,
ukaiweka juu ya vitambaa vya kufutia vumbi.
"Nishonee mpya," ulisema. "Ya mtu huyu."
Ukainua mikono. Utepe ukazunguka.
Namba uliisoma mwenyewe, kwa sauti,
nami nikaiandika kwa chaki
nikaacha vidole viwili vya akiba kila upande,
kwa mazoea.
Ukaviona.
Safari hii ulianza kucheka wewe.