Mdomo wa E

Nimeshaipima meza ya jikoni: sentimita mia na kumi
kwa sabini. Tartu yote itakaa hapo.
Mto Emajõgi ni jaribosi niliyoinyoosha kwa kijiko,
maana ni Februari, na mto umeganda
hadi mbwa wanaukatiza.
Theluji ni chumvi. Nilianza na unga,
paka akaramba nusu ya mtaa wa Annelinn.

Nyota wa filamu ni mimi.
Urefu, sentimita kumi na tisa.
Mifupa ni waya wa shaba kutoka redio ya marehemu baba,
nyama ni soksi,
koti ni kipande cha koti langu lenyewe,
nimekikata ndani ya mfuko, pasipoonekana,
na sasa funguo zangu zinapotelea kwenye bitana.
Nimeshona kwa mkono. Cherehani haiko kwangu.
Pua nimeipunguza kidogo, nani atanishitaki?
Kiuno nimekiacha kilivyo:
waya uligoma kusema uongo.

Ujanani, mtu angeniita kikaragosi
ningemrushia kiatu.
Leo najiita mwenyewe. Namshika mabegani,
namsogeza nusu ukucha, napiga picha,
nusu ukucha, napiga picha.
Sekunde moja inameza picha kumi na mbili.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini aliyesema hivyo hakuwahi
kumvusha mto mtu wa soksi.

Hesabu iko nyuma ya bili ya umeme.
Mlangoni hadi ukingoni: picha mia mbili na arobaini.
Kuvuka: mia na themanini.
Kuteleza: thelathini na sita
(lazima ateleze, la sivyo nani atacheka?)
Kuinuka: tisini. Goti la kushoto ni bovu,
langu na lake.

Dirisha nitaliziba kwa blanketi.
Jua la huku hutoka saa tatu likiwa limeshachoka,
na wingu moja likipita
uso wangu unazeeka kati ya picha mbili.
Kwa hiyo taa mbili za kusomea, na sweta nyeusi
nisije nikang'aa kwenye barafu.
Heldur wa ghorofa ya juu ameahidi
kutembea bila viatu, saa mbili hadi saa nne usiku.
Akauliza filamu inahusu nini.
Mwanamke anavuka mto, nikamwambia.
Akasubiri.
Basi, nikasema.

Ng'ambo kuna mlango, hilo sikumwambia.
Nimeupaka kijani, nikakosea mara tatu,
kijani cha mlango mmoja wa Supilinn,
kule ambako barabara zina majina ya mboga
na dada yangu Leelo anakaa Barabara ya Njegere
na cherehani ya mama.
Miaka tisa. Kwa basi ni dakika ishirini.

Taya la waya halifunguki, hivyo kila sauti
ina mdomo wake, wa kitambaa chekundu,
naubandika kwa nta, naubandua.
Ninayo saba kwenye kibati cha peremende:
wa A, wa O, wa kufumba, wa mluzi,
wa baridi, wa kushtuka,
na mmoja niliokata vibaya, nikaupenda.
Maneno ninayoyataka, kwa Kiestonia,
yana A tatu na E moja tu.
A ninayo.
E nimeichora mara nyingi. Mkasi ninao. Kitambaa kipo.

Na nyuma ya mlango sijaweka mtu.
Soksi ya pili ipo, waya umebaki,
ila sijui nywele zake siku hizi zina rangi gani,
wala kama bado huinamisha kichwa akisikiliza,
na kubuni sitaki.

Kugonga mlango: picha kumi na mbili.
Usiku huu nimepiga nne.
Mkono umefika usawa wa kidevu.
Nimezima taa, nikamwacha hivyo hivyo,
paka nimemfungia bafuni,
na simu nimeiweka mezani, kando ya mto,
skrini juu.