Diski ya Tatu

Cirhuza ameziandika namba kwa wino mweupe.
Ya nne ilikufa kitambo, hatukujua.
Ya tatu inagonga, ko, ko, ko,
kama mgeni asiyejua kwamba mlango umehamishwa.
"Usiiwashe tena ovyo. Kila ukiiwasha inajikwaruza."

Tuko Kadutu, juu ya duka la sabuni.
Wiki ile umeme ulikatika mara saba,
na mimi ndiye niliyesema betri ya akiba ni ghali.

Anainakili usiku, punje kwa punje,
majirani wakishazima pasi na majiko.
Asilimia arobaini. Arobaini na moja.
Saa nzima, arobaini na moja.
"Tatu zikipona, zitaikumbuka ya nne.
Kila moja ilibeba kipande cha mwenzake."
Nikakumbuka matanga ya baba:
shangazi wakibishana kovu lilikuwa shavu gani,
mpaka uso ukarudi.

Alfajiri, mvua, picha zinafunguka:
harusi ya Nabintu,
kijivu kuanzia shingoni kwenda chini.
Kisha sauti, sekunde tisa.
Baba anakohoa. Anauliza:
"Hii kitu iko inasikia?"

Cirhuza anajifanya kutafuta bisibisi.