Maneno Yasizidi Mia Tano

Duka la dawa hufungwa saa nne.
Leo nimezima taa ya nje tu.
Juu ya kaunta, kati ya vidonge vya minyoo
na mizani ya kupimia watoto,
kompyuta ya Doña Hermelinda inanguruma kama tumbo la mgonjwa
na kuniuliza: Jina.
Naandika: Nilda Ttito Ccahuana.
Inapiga mstari mwekundu. T mbili haiziamini.
Itazizoea.

Eleza kwa nini unataka kusoma isimu.
Maneno yasizidi mia tano.

Neno ni nini? Fani yao yenyewe haijamaliza kubishana,
nao wanayahesabu kama tembe.
Mama yangu, kwa Kikechua, hutia nyumba nzima katika neno moja,
mtendaji, tendo, huruma, na kale ka "jamani" ka mwisho,
kisha hulikaza kama mbeleko.
Mia tano ya hayo, ningewapa historia ya wilaya.
Kwa lugha yao napata aya tatu na salamu.

Rasimu ya kwanza ilisema: Tangu utotoni nimependa lugha.
Uongo. Tangu utotoni nimependa mpira wa wavu.
Rasimu ya nne ilimsifu profesa wao mmoja
kwa makala niliyosoma muhtasari wake tu.
Nikaona haya, nikafuta.
Ya sita ndiyo hii:

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
benchi la nyuma, mahakamani Sicuani,
nimevaa viatu vya dada.
Alpaka wanne walikuwa wamepotea.
Jirani yetu Eulogia akaulizwa nani,
akajibu kwa lugha yetu: Fortunatos.
S ile si ya jina. Ni kiambishi,
mluzi mwembamba usemao: nasikia, yasemekana, sikuwepo.
Angaliona kwa macho yake angalisema Fortunaton.
N, nimeona. S, nimesikia.
Mtoto anayejifunza kula mwenyewe hakosei hapo.
Mkalimani, kijana wa tai ya kijani,
akamgeukia hakimu:
"Fortunato ndiye aliyewaiba."

S ikaanguka sakafuni.
Hakimu hakuinama kuiokota.
Mjomba wangu asiye na hatia akala miaka miwili.

Barua tatu za mapendekezo.
Dokta Urbano alinifundisha katika darasa la watu tisini;
ameahidi kuandika kwamba mimi ni hodari.
Barua hiyo ingestahili s kila mstari.
Ada, dola sabini na tano.
Nusu nimekopeshwa na Doña Hermelinda,
kwa sharti nirudi daktari.
Sijamweleza ni daktari wa nini.

Jumapili nilimpelekea mjomba rasimu.
Siku hizi anatengeneza baiskeli nyuma ya soko,
grisi imemwingia hadi kwenye mistari ya viganja.
Nilisoma nikimfasiria. Alisikiliza akizungusha gurudumu,
akitafuta lilipopinda.
Nilipofika "asiye na hatia"
akalishika. Likasimama.
"Usiku ule ulikuwepo?"
Sikuwepo.
"Basi weka s."
Akalizungusha tena.

Nilirudi kwa miguu, nimekasirika mpaka darajani.
Baada ya daraja sikujua nimemkasirikia nani.

Saa nane usiku.
Lugha ya fomu ina s tele: za wingi, za kumiliki,
hakuna hata moja inayokiri kwamba haikuwepo.
Nimefuta "asiye na hatia".
Nimeandika: mjomba wangu, ambaye hakuna shahidi aliyemwona.
Ni ndefu, ni nzito, inachechemea,
lakini naweza kuisoma mbele yake.
Nimehesabu: mia nne tisini na tisa.
Nafasi moja imebaki. Siijazi.

Tuma.

Maombi yako yamepokelewa, inasema kompyuta.
Na nani, haisemi.
Kesho mama ataniuliza kama wameyapata.
Nitamjibu kwa s.